Nani Huulizia Nyota Yake

Mvuto wa unajimu haugawanyiki sawasawa kati ya wanawake na wanaume. Karibu kila mahali ambako watu wamehojiwa kwa utaratibu, wanawake wanaosema kwamba wanaamini nyota huwa wengi kuliko wanaume. Nchini Marekani, taasisi ya utafiti ya Pew iliuliza swali hilo mwaka 2017 ikapata kwamba wanawake 37 katika kila 100 wanaamini unajimu, na wanaume ni 20. Ilipouliza tena mwaka 2024, wanawake wenye umri wa miaka 18 hadi 49 ndio waliokuwa mbele: 43 katika kila 100. Huko Uingereza, takwimu za mwaka 1988 zilizochambuliwa na Martin Bauer na John Durant zilionyesha mwelekeo huohuo.

Takwimu hizi zikisomwa juujuu huzaa jibu jepesi, kwamba nyota ni mambo ya wanawake. Kwa Afrika Mashariki jibu hilo halisimami. Huku kitabu cha nyota kimeshikwa na wanaume kwa karne nyingi, wanaokesha chini ya anga wakitafuta riziki ni wanaume zaidi, na utabiri uliowahi kuzua gumzo la nchi nzima ulihusu vyeo vya wanasiasa. Wanawake na wanaume wote huulizia nyota. Wanachopishana ni swali wanalolipeleka, mlango wanaoupitia, na jina wanalolipa jambo hilo wakilisimulia kwa wengine.

Lupingu, kata ya mwambao wa Ziwa Nyasa katika Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu huko anga ina kazi kabla haijawa na utabiri. Milima ya Livingstone inateremka karibu moja kwa moja hadi majini, na ziwa lenyewe lina kina kinachofikia takriban mita 700. Gari linalotoka Ludewa mjini hushuka kona baada ya kona, na meli zinazokwenda Mbamba Bay kutoka bandari za Kyela hutia nanga hapo kushusha watu na mizigo. Wakazi wa mwambao huu ni Wakisi, Wamanda na Wapangwa, na wengi wao ni Wakristo. Elimu ya nyota ya Waislamu wa pwani haikuwa na chuo hapa. Anga ya Lupingu ilisomwa kwa macho.

Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wakiwa na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Dagaa hufuata mwanga, hivyo taa moja juu ya maji meusi huwakusanya mpaka wavu uwazunguke. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, taa inakosa nguvu, na samaki wanatawanyika. Kwa sababu hiyo mwezi wa mvuvi una sehemu mbili zenye maana kwake: siku za giza na siku za mbalamwezi. Siku za giza ni za kazi. Siku za mbalamwezi nyavu hushonwa, mitumbwi huzibwa nyufa, na wenye madeni hutafutana. Mvuvi hahitaji kalenda ya ukutani kujua amefika wapi. Anatazama tu mwezi umechomoza saa ngapi.

Kazi ya majini ni ya wanaume, lakini hesabu ya mwezi haiishii kwao. Wanawake huwapokea dagaa ufukweni, huwaanika, huwageuza jua linapopanda, na kuwauza kwa wachuuzi wanaopandisha magunia Ludewa na Njombe hadi Makambako, mji wa njia panda ambako barabara ya Songea inaungana na barabara kuu ya Mbeya na ambako reli ya TAZARA ina kituo. Mwanamke mwenye mchango wa kikundi cha kuweka na kukopa anajua kwamba pesa ya dagaa haionekani wiki ya mbalamwezi, naye hupanga marejesho yake kwa mwezi uleule anaouhesabu mvuvi. Wanawake wa Kikisi pia ni wafinyanzi mashuhuri, na vyungu vyao vimesafiri kwa mitumbwi na meli hadi masoko ya Kyela. Chungu kibichi hutaka siku kavu kabla ya kuchomwa, kwa hiyo mfinyanzi huyaangalia mawingu kuliko nyota.

Nyota za kilimo nazo hazikuwa na jinsia. Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana, huonekana upande wa mashariki mara baada ya jua kuzama kuanzia Novemba, wakati mvua za Nyanda za Juu Kusini zinapoanza na mashamba ya mahindi yanapotifuliwa. Pwani, ambako majira ni mengine, wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wanamaji na wakulima wa pwani walikwenda mbali zaidi. Waliugawa mwaka wa jua katika miongo, yaani mafungu ya siku kumikumi, wakaanza kuhesabu kutoka Nairuzi, siku ambayo Makunduchi, Unguja, bado huadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Nahodha alijua ni mwongo gani wa kutweka tanga, na mkulima alijua ni mwongo gani wa kupanda mtama. Ujuzi wa namna hii unaweza kupimwa: mvua inakuja au haiji, dagaa wanajaa au hawajai. Unapendwa na kila anayeutegemea kwa chakula, awe mume au mke.

Tofauti ya jinsia inaanza pale anga inapoacha kuzungumzia mvua na samaki, ikaanza kumzungumzia mtu.

Elimu ya nyota ya mtu, ambayo pwani huitwa falaki, ilikuja kwa njia ya vitabu, na vitabu vilikuwa mikononi mwa wanaume. Asili yake ni ndefu. Makuhani wa Babeli waliandika dalili za sayari kwenye vigae vya udongo. Batlamiusi alipanga elimu hiyo huko Iskandaria katika karne ya 2, na Abu Ma'shar, aliyezaliwa Balkh mwaka 787 na kufariki 886, akaikuza Baghdad. Vitabu vilivyobeba jina la Abu Ma'shar, vya kwake na vya kubandikwa, vilisambaa katika Bahari yote ya Hindi. Kimoja kinachojulikana sana hueleza nyota kumi na mbili mara mbili, kwanza kwa wanaume, kisha kwa wanawake, kana kwamba binadamu wawili waliozaliwa saa moja hawawezi kupata bahati moja iwapo mmoja ni msichana. Kukisoma kulihitaji Kiarabu cha chuoni, na hata pale msichana alipofundishwa kusoma Kurani, mara nyingi masomo yake yaliishia kabla ya kufika kwenye hesabu za falaki.

Hesabu yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Watu wengi wa zamani hawakujua siku waliyozaliwa, kwa hiyo mwalimu wa falaki hakuuliza tarehe. Aliuliza jina la mtu na jina la mama yake. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika mpangilio wa abjadi: alifu ni 1, be ni 2, na kuendelea hadi 1,000. Mwanamume aitwaye Ali, mtoto wa Mariamu, huhesabiwa hivi: Ali ni 70 na 30 na 10, jumla 110, Mariamu ni 40 na 200 na 10 na 40, jumla 290. Yote pamoja ni 400. Mwalimu hutoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka ibaki isiyogawika, na hapa hubaki 4. Nyota ya nne ni Saratani, yaani Kaa, na asili yake ni maji. Zainabu mtoto wa Amina, kwa tahajia ya Kiarabu, ana 69 kwa jina lake na 96 kwa la mama. Jumla ni 165 na inabaki 9, nayo ni Kausi, yaani Mshale, ambayo asili yake ni moto. Vijana hawa wakiwa wamechumbiana, mwalimu wa falaki anaweza kutamka kwamba nyota zao hazipatani, kwa kuwa maji na moto havikai chungu kimoja.

Mambo mawili yanajitokeza katika hesabu hii. La kwanza, katika elimu iliyoshikwa na wanaume peke yao, jina la baba halimo; mama ndiye anayembeba mwanawe hadi kwenye nyota, kwa kuwa uzazi wa mama hauna shaka. La pili, mshika kalamu ni mwanamume, lakini mtu anayeyapeleka majina mawili kwake, akangoja jibu huku mahari ikijadiliwa nyumbani, mara nyingi ni mama au shangazi. Huo ndio mgawanyo halisi wa pwani, na takwimu za nani anaamini hazimudu kuuonyesha. Mmoja ana elimu, mwingine ana swali.

Mwanaanthropolojia Michael Lambek aliuona mgawanyo kama huo Mayotte, katika visiwa vya Komoro, na kuueleza katika kitabu chake cha mwaka 1993. Alikuta njia tatu za kujua zikiishi kijiji kimoja: elimu ya dini, elimu ya nyota na hesabu za dunia, na elimu ya pepo wanaopanda vichwani mwa watu. Mbili za kwanza zilitegemea maandishi, na mabingwa wake walikuwa wanaume. Ya tatu ilitegemea mwili na sauti, na humo wanawake ndio walioongoza. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake katika kijiji cha Kanga, kisiwani Mafia, mwaka 1965, naye alikuta waganga wa kitabu upande mmoja na waganga wa majini upande mwingine. Ni kosa kusema kwamba wanawake wa visiwa hivyo walivutiwa na pepo kwa tabia yao ya kike. Mlango wa kitabu ulikuwa umefungwa, wakapita pale palipokuwa wazi, na hapo wakajenga ujuzi wao wenyewe wa kutambua mateso ya watu.

Mjini na bara, falaki ya vitabu iligeuka kuwa lugha ya kila siku. Mtu anayependwa bila sababu inayoonekana huambiwa ana nyota. Aliyekuwa na biashara iliyochangamka ikafifia husema nyota yake imefunikwa, au imechezewa. Kuna kusafisha nyota, kung'arisha nyota, hata kuiba nyota ya mtu. Matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme karibu na stendi za mabasi huyapanga mahitaji kwa mistari mifupi na namba ya simu chini yake: mvuto wa mapenzi, kumrudisha mpenzi aliyeondoka, kupata mtoto, kusafisha nyota, kupandishwa cheo, kushinda kesi, kuvuta wateja, kurudisha mali iliyoibwa, nguvu za kiume. Kila mstari una mteja wake. Kumrudisha aliyeondoka na kupata mtoto husomwa zaidi na wanawake, kwa kuwa katika jamii nyingi ndoa ikivunjika au mtoto akikosekana, lawama humwangukia mwanamke. Cheo, kesi na nguvu za kiume vina wasomaji wa upande wa pili. Mganga anayelipia uchapaji wa karatasi hiyo anajua soko lake, na kwa karatasi yake soko lina jinsia zote mbili.

Nchini Tanzania hakuna aliyeufanya unajimu ujulikane kuliko Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 20 Mei 2011. Kwa miongo kadhaa alitabiri magazetini na kwenye televisheni, na watu walizizoea nyota kwa majina ya Kiswahili: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Wengi wanamkumbuka kwa safu za mapenzi na bahati. Hata hivyo, utabiri wake uliozua mjadala mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kisiasa: kabla ya uchaguzi wa mwaka 2010 alitangaza kwamba mwanachama wa CCM atakayejitokeza kumpinga Rais Jakaya Kikwete katika kugombea angekufa ghafla. Rais alipoishiwa nguvu jukwaani wakati wa kuzindua kampeni Jangwani mwaka huohuo, Sheikh Yahya akajitolea kumpa ulinzi wa majini. Mambo hayo yalijadiliwa magazetini na vijiweni, na wajadili wengi walikuwa wanaume. Hakuna aliyeyaita mambo ya wanawake.

Mpira wa miguu ni mfano wa wazi zaidi. Kila shabiki wa Simba na Yanga anaelewa kinachokusudiwa inapotajwa kamati ya ufundi, yaani watu wa kushughulikia uganga wa timu, hata kama haiandikwi kwenye taarifa ya klabu. Mwaka 2003 chama cha mpira cha wakati huo, FAT, kilizitoza faini klabu zote mbili kwa vitendo vya kishirikina uwanjani. Timu hubadili mlango wa kuingilia, basi husimama mbali na lango, wachezaji huruka ukuta, na siku ya mechi huangaliwa kwa makini. Kama mtafiti angewauliza wanaume hao iwapo wanaamini unajimu, wengi wangejibu hapana kwa dhati. Wanachofanya kina jina jingine, na dodoso halikulitaja.

Hapo ndipo udhaifu wa takwimu unapoonekana. Katika miji mingi mwanamume anayekiri kutazamiwa huonekana dhaifu, na mwanamke anayekiri jambo hilohilo huonekana wa kawaida. Aibu hii inapunguza idadi ya upande mmoja kabla hesabu haijaanza. Joan Quigley, mnajimu wa San Francisco, alishauri kuhusu siku na saa za safari na mikutano ya Rais Ronald Reagan baada ya rais huyo kupigwa risasi mwaka 1981. Siri hiyo ilipofichuliwa mwaka 1988 katika kitabu cha Donald Regan, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, kejeli nyingi zilimwangukia mke wa rais, Nancy Reagan. Ratiba iliyokuwa ikipangwa kwa nyota ilikuwa ya rais.

Tofauti ya takwimu kati ya wanawake na wanaume haitoki kwenye aibu peke yake. Magazeti nayo yalifanya kazi kubwa ya kuijenga. Mwezi Agosti 1930 gazeti la Sunday Express la London lilimwomba R. H. Naylor aandike nyota ya binti mfalme Margaret aliyekuwa amezaliwa siku chache kabla. Wasomaji walipenda, safu ikawa ya kudumu, na muda si mrefu magazeti mengine yakaiga. Safu hizo zilizoea kukaa jirani na kurasa za mapishi, mavazi na barua za mapenzi, na mahali hapo palichagua msomaji. Theodor Adorno, aliyechambua safu ya Carroll Righter katika Los Angeles Times ya mwaka 1952 na 1953, aliona jambo la kushangaza. Ushauri uliandikwa kana kwamba msomaji ni mwanamume mwenye madaraka ofisini, ilhali Adorno aliamini kwamba wasomaji wengi walikuwa wanawake wa kipato cha kawaida. Mwaka 1968 Linda Goodman aliziba pengo hilo kwa kitabu chake Sun Signs, kilichozungumza na mwanamke moja kwa moja juu ya mume, bosi na mtoto wa kila nyota, nacho kikauzwa sana. Anayejiona katika maandishi hurudi kuyasoma.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inarudisha mjadala ziwani. Bronisław Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwamba wavuvi waliovua kwenye maji tulivu ya ndani, ambako samaki hupatikana kwa uhakika, hawakuwa na uganga wowote wa uvuvi. Waliokwenda bahari kuu, kwenye hatari na kubahatisha, walikuwa na uganga mwingi. Wote walikuwa wanaume wa visiwa vilevile na imani moja. Kilichowatofautisha ni kiasi cha mambo yaliyokuwa nje ya uwezo wao. Kwa kipimo hicho, mvuvi wa Ziwa Nyasa anayejua kwamba upepo wa kusi unaweza kuamka akiwa mbali na ufuko ana sababu ya kutafuta dalili. Mwanamke ambaye posa yake inaamuliwa na wajomba, ambaye mume wake ameondoka kwenda kutafuta maisha akakaa kimya, ambaye mimba imemtoka mara mbili na kituo cha afya kiko mbali, naye yuko kwenye bahari kuu ya maisha yake. Amezungukwa na maamuzi ya watu wengine. Nyota humpa walau maelezo, na wakati mwingine humpa muda: ngoja mwezi huu upite. Palipo na wanawake wengi wanaoulizia nyota, inafaa kwanza kuhesabu ni mambo mangapi wameachiwa wayangoje bila kuwa na sauti juu yake.

Dini inaongeza sehemu yake, ingawa si kwa namna inayodhaniwa. Ripoti ya Pew ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba duniani wanawake 83.4 katika kila 100 wana dini wanayojitambulisha nayo, dhidi ya wanaume 79.9. Ingetarajiwa basi wanawake wawe mbali zaidi na nyota, maana Uislamu umekataza kwenda kwa kuhani, na makanisa yameuhubiri unajimu kuwa dhambi. Badala yake nyota imeingia kanisani. Katika mikutano ya injili ya miji ya Tanzania, kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, mahubiri ya kukomboa nyota iliyoibwa yamekuwa ya kawaida, na msingi wake hutafutwa kwa wale mamajusi wa Injili ya Mathayo walioiona nyota ya mtoto mashariki. Mhubiri anasema kila mtu alizaliwa na nyota yake, adui wa ukoo akaifunika, na maombi yataifungua. Wanawake, ambao ndio wengi katika ibada hizo, husimama na kuombewa ndoa, uzazi na biashara ndogondogo. Swali ni lilelile lililokuwa likipelekwa kwa mwalimu wa falaki. Aliyebadilika ni anayelijibu, na kwa sehemu kubwa bado ni mwanamume.

Simu nayo imesogeza mlango karibu. Utabiri uliokuwa ukisafiri na gazeti hadi Makambako, ukapanda basi la Njombe na Ludewa na kufika ukanda wa ziwa ukiwa umechakaa, sasa huja kwa ujumbe mfupi au kwa video. Nyota hizi za simu hazitaki jina la mama. Zinataka tarehe ya kuzaliwa, na kijana wa leo anayo kwenye cheti cha kuzaliwa au kwenye fomu ya shule. Faragha ndiyo faida yake kubwa kwa msichana, kwa sababu hahitaji kumwaga shida yake mbele ya mzee wa watu. Faragha hiyohiyo humfaa mwanamume asiyetaka kuonekana barazani kwa mnajimu.

Kuhusu ukweli wa utabiri wenyewe, sayansi imeshatoa majibu, na hayabagui jinsia. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake kila mmoja karatasi iliyosemekana kueleza tabia yake. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, mengi yakiwa yamechukuliwa kwenye kitabu cha unajimu kilichonunuliwa kibandani. Wanafunzi waliipa usahihi wa wastani wa 4.26 juu ya 5. Mwaka 1985 Shawn Carlson alichapisha katika jarida la Nature jaribio alilolipanga kwa kushirikiana na wanajimu wenyewe: kila mmoja alipewa nyota ya mtu na maelezo matatu ya tabia, moja tu likiwa la mtu huyo. Walipatia mara moja katika kila tatu, sawa na anayebahatisha.

Utabiri usio na uzito unaweza hata hivyo kuwa na matokeo mazito, na hapa wanawake na wanaume hawalipi sawa. Mtu akifiwa au akiugua, akaenda kuangaliziwa, jibu haliishii kwenye nyota, linatafuta mkosaji. Hii ndiyo ramli chonganishi, neno lililoingia katika kauli za polisi na wakuu wa mikoa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa Viktoria, hasa Shinyanga, Mwanza, Geita na Simiyu, ramli hiyo imewanyooshea vidole wanawake wazee, wengi wao wajane, ambao macho yao mekundu, yaliyochomwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi, yamechukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi. Wengi wameuawa kwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Wateja wa ramli hizo mara nyingi ni wana na ndugu wa kiume, wapo wenye jicho kwenye mashamba ya wajane hao, na wapigaji wake wengi ni wanaume.

Serikali ilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, ikaunda baraza la kuwasajili waganga, na Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Wizara ya Mambo ya Ndani ikatangaza marufuku ya waganga wapiga ramli. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Mkoa wa Njombe nao ukapata msiba wake, watoto walipouawa katika matukio yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na msako wa wapiga ramli ukafika katika mkoa ambao Lupingu imo. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni wakati wa ukoloni, bado inamwadhibu anayemwita mwenzake mchawi nje ya utaratibu. Mwanamke mzee aliyetajwa kwa ramli anaweza kuitumia sheria hiyo kwa kufika polisi au kwa mtendaji wa kata, na vituo vya msaada wa kisheria katika mikoa mbalimbali huwasaidia walalamikaji wa aina hiyo kufungua kesi.